Maswali ya Wasomaji: Upasuaji wa Mishipa ya Fahamu kwa Watoto Wenye Misuli Iliyokakamaa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni upasuaji wa kukata sehemu ya mishipa ya fahamu mgongoni ili kupunguza kukakamaa kwa misuli kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Baadhi ya waandishi wamesikia habari hizo kwa jamaa walioko nje, wengine wameziona kwenye video fupi zinazosambazwa kwenye simu, na mmoja anasomea tiba ya viungo chuoni. Majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe.

Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka mitano. Alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba, akakaa kwenye chumba cha joto kwa muda mrefu. Anazungumza vizuri na anajua kuhesabu, lakini hutembea kwa kushika ukuta, visigino havigusi chini na magoti yanagongana. Wifi yangu anayeishi Uingereza ameniambia kwamba huko madaktari hukata mishipa ya fahamu mgongoni na miguu ikalegea. Naogopa. Mshipa wa fahamu ukikatwa, si ndiyo mtoto atapooza kabisa? — Mama, Tanga

Marahaba, mama. Hofu yako ni ya haki, kwa maana sote tumeona mtu aliyekatika mshipa wa fahamu mkononi akabaki na vidole visivyonyanyuka. Jibu linategemea ni mishipa ipi inayokatwa.

Ndani ya mifupa ya uti unapita ugwe wa mgongo, na kila mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ugwe huo kwenda mguuni umeungana nao kwa mizizi miwili. Mzizi wa mbele hupeleka amri kwa misuli. Mzizi wa nyuma huleta habari kutoka mwilini, yaani mguso, maumivu, joto, mkao wa kiungo, na jambo ambalo wengi hatulifikirii, nalo ni kiasi ambacho kila msuli umevutwa. Tofauti hiyo kati ya mizizi ya mbele na ya nyuma ilibainishwa na Charles Bell wa Scotland na François Magendie wa Ufaransa, ambaye majaribio yake ya mwaka 1822 ndiyo yaliyoiweka wazi. Upasuaji aliokutajia wifi yako hugusa mizizi ya nyuma peke yake, tena sehemu yake tu. Mizizi ya mbele huachwa nzima, na kwa hiyo njia ya amri kufika kwenye misuli haikatwi.

Sasa utauliza, habari zinazotoka mguuni zina kosa gani hata zipunguzwe? Msuli unapovutwa, vihisio vilivyomo ndani yake hupeleka taarifa kwenye ugwe wa mgongo, na ugwe hujibu papo hapo kwa kuuamuru msuli uleule ujikaze, kabla ubongo haujajua lolote. Ndicho anachokipima daktari anapogonga goti kwa kinyundo. Kwa mtoto mwenye afya, ubongo huteremsha ujumbe wa kutuliza mwitikio huo, ukabaki mdogo wa kutosha kumlinda asianguke lakini usiweze kumzuia kutembea. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 34 ya ujauzito, sehemu ya ubongo iliyo dhaifu kuliko zote ni ile iliyo pembezoni mwa vyumba vya maji vya ndani, na nyuzi zinazoshughulikia miguu ndizo zinazopita karibu zaidi na vyumba hivyo. Ndiyo sababu watoto wa namna hii mara nyingi huwa na miguu iliyokaza kuliko mikono, huku usemi na akili vikiwa vizuri, kama unavyomweleza binti yako. Ujumbe wa kutuliza umepungua, mwitikio wa ugwe umebaki bila wa kuuzuia, msuli wa nyuma ya muundi unavuta kisigino juu, na misuli ya ndani ya mapaja inavuta magoti yakutane.

Mtu wa kwanza kuonyesha kwamba ukakamavu huu hutegemea habari zinazopanda kupitia mizizi ya nyuma alikuwa Charles Sherrington wa Uingereza, ambaye mwaka 1898 alieleza jinsi miguu ya paka waliokakamaa baada ya kutenganishwa sehemu ya ubongo ilivyolegea alipoikata mizizi hiyo. Muongo mmoja baadaye Otfrid Foerster, aliyefanya kazi katika jiji la Breslau, ambalo leo linaitwa Wrocław na liko Poland, alianza kuwafanyia binadamu. Alikata mizizi mizima. Misuli ililegea kweli, lakini hisi nazo zilipotea, na njia hiyo ikaachwa na wengi kwa miaka mingi. Ilirudi pale Claude Gros wa Montpellier alipoonyesha katika miaka ya 1960 kwamba inawezekana kuukata mzizi kwa sehemu na kuibakiza hisi, na Victor Fasano wa Turin alipoongeza katika miaka ya 1970 upimaji wa kila uzi kwa umeme wakati wa upasuaji wenyewe.

Hatua iliyofuata ilifanyika barani kwetu, nami huitaja kila ninapopata nafasi kwa sababu watu wengi huamini kwamba upasuaji huu ulibuniwa wote Ulaya na Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Hospitali ya Watoto ya Red Cross mjini Cape Town, Warwick Peacock aliuhamisha upasuaji kutoka kwenye ncha ya ugwe wa mgongo na kuupeleka chini zaidi, pale ambapo mizizi imeachana na inaweza kutambuliwa mmoja mmoja, ili ile inayohusika na kibofu na haja kubwa isiguswe. Alipohamia Los Angeles mwaka 1986 ujuzi huo ulisafiri naye, na baadaye T. S. Park wa St. Louis aliurahisisha zaidi kwa kufungua pingili moja tu ya uti badala ya kadhaa.

Kwa ufupi basi, mama: kupooza kabisa siko kunakotarajiwa. Yapo madhara mengine ambayo lazima uyajue. Mtoto anaweza kupata ganzi au hisia za kuchomachoma miguuni kwa muda, maji ya uti wa mgongo yanaweza kuvuja, kidonda kinaweza kupata maambukizi, mkojo unaweza kumsumbua kwa siku za mwanzo, na uti wenyewe unahitaji kuangaliwa kwa miaka mingi usije ukapinda.

Daktari, mimi ni baba wa mvulana wa miaka saba. Tangu mwanzo tumeambiwa kwamba tatizo lake liko kwenye ubongo na wala si miguuni. Kama ni hivyo, kukata mishipa ya mgongo kunausaidiaje ubongo? Je, baada ya upasuaji ujumbe kati ya ubongo na uti wa mgongo hubadilika, au tunatibu dalili tu? — Baba, Nakuru

Ndugu yangu, hili ndilo swali ambalo ningependa kila mzazi aulize kabla hajasaini karatasi yoyote, na nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, jeraha la ubongo halitibiwi. Nyuzi zilizokufa pembezoni mwa vyumba vya maji haziponi kwa sababu mizizi ya mgongo imekatwa. Idadi ya nyuzi zinazoteremka kutoka kwenye tabaka la nje la ubongo, zikavuka upande karibu na kisogo na kushuka hadi kwenye seli zinazoamuru misuli ya mguu, ni ileile siku moja kabla ya upasuaji na siku moja baadaye. Mtu akikuambia kwamba upasuaji huu unarekebisha ubongo, amekudanganya au hajaelewa.

Hata hivyo, ujumbe unaofika kwa seli hizo hubadilika sana. Kila seli inayoamuru msuli hupokea maelfu ya taarifa kwa wakati mmoja, nyingine zikiihimiza ifyatue amri na nyingine zikiituliza, na hufyatua pale tu jumla ya mahimizo inapozidi kiwango fulani. Kwa mtoto kama wako, upande wa kutuliza umepungua, kwa kuwa sehemu kubwa ya utulizaji huo hufanywa na seli ndogo za ugwe zinazotoa kemikali kama GABA, na seli hizo nazo zilizoea kuamshwa na ubongo. Upande wa kuhimiza, yaani habari zinazopanda kutoka kwenye msuli uliovutwa, uko vilevile. Fikiria kikao cha ukoo ambacho vijana wanapiga kelele na mzee mwenye neno la maana ana sauti dhaifu kwa ugonjwa. Daktari wa upasuaji hawezi kumponya mzee, lakini anaweza kuwatoa nje baadhi ya wapiga kelele, na neno lilelile, kwa sauti ileile, likaanza kusikika.

Jambo hili hupimika. Mwitikio wa umeme unaopatikana kwa kuchochea mshipa nyuma ya goti na kurekodi msuli wa muundi hupungua baada ya upasuaji. Mguu uliokuwa ukitetemeka mfululizo kila kisigino kikigusa chini hutulia. Msuli wa mbele ya muundi, ambao kazi yake ni kunyanyua wayo, hupata nafasi ya kufanya kazi, kwa sababu mpinzani wake wa nyuma haukazi tena wakati usiotakiwa. Katika mwendo wa kawaida msuli mmoja ukikaza, mwenzake wa upande wa pili hulegezwa na ugwe, ilhali kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo yote miwili hukaza pamoja, na nguvu kidogo inayotoka kwenye ubongo huishia katika mapambano hayo.

Mzizi wa nyuma, tena, hauishii pale unapoingilia. Nyuzi zake hutoa matawi yanayopanda na kushuka kwenye ugwe, mengine hufika kwenye shina la ubongo na kwenye ubongo mdogo, na kutoka huko habari huendelea hadi kwenye tabaka la ubongo linalopokea hisi. Vituo kadhaa vimeripoti kwamba baada ya kukatwa mizizi ya miguu, ambayo iko chini kabisa, baadhi ya watoto walianza kutumia mikono vizuri zaidi, wengine wakatamka maneno kwa urahisi zaidi. Misuli ya mkono na ya ulimi haina uhusiano wa moja kwa moja na mizizi hiyo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba habari nyingi kupita kiasi zilizokuwa zikipanda zilikuwa zikiuchochea mfumo wote wa fahamu, na zilipopunguzwa, sehemu za juu nazo zikatulia. Wataalamu wengine huongeza kwamba mtoto anayeketi imara kwa sababu nyonga hazikazi hupata mikono iliyo huru na pumzi ya kutosha kuzungumza. Maelezo haya mawili hayapingani, nami naona yote yana uzito, lakini nisingemshauri mzazi yeyote akubali upasuaji kwa matumaini ya mikono au usemi. Unafanywa kwa ajili ya miguu.

Kuhusu kama tunatibu dalili, ni kweli kwamba chanzo kinabaki, ila ubongo wa mtoto wa miaka saba bado unajifunza. Kila anapojaribu kupiga hatua, ubongo hutuma amri, hupokea habari ya kilichotokea, kisha hurekebisha amri inayofuata. Kama kila amri inajibiwa na mkazo uleule, hakuna cha kujifunza isipokuwa kutembea kwa vidole. Mkazo ukiondoka, amri ndogo ya ubongo huzaa mwendo mdogo unaolingana nayo, na hapo mafunzo huwezekana. Ndiyo maana mazoezi baada ya upasuaji ndiyo matibabu yenyewe. Upasuaji huchukua saa chache, mazoezi huchukua mwaka mzima na zaidi, karibu kila siku katika miezi ya mwanzo, na familia isiyoweza kuyapata mazoezi hayo mahali inapoishi haifai kuuza shamba kwa ajili ya upasuaji.

Mwanangu, mimi ni bibi ninayelea mjukuu. Alipozaliwa alipata manjano kali, sasa ana miaka minne. Mwili wake hujinyonganyonga, mikono inajipinda yenyewe, akilala usingizi analegea kabisa. Huu upasuaji utamfaa? — Bibi, Lamu

Shikamoo, bibi. Hapana, hautamfaa, na naomba usimruhusu mtu akushawishi vinginevyo.

Manjano kali ya uchangani huumiza viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, vile vinavyochagua mwendo upi uruhusiwe na upi uzuiwe. Mkazo wa mjukuu wako hutoka juu na kushuka kama amri zisizotakiwa, wala hauzaliwi na mwitikio wa ugwe kwa msuli uliovutwa. Kulegea kwake usingizini na kubadilikabadilika kwa mkazo anapofurahi au kushtuka ni alama za hali hiyo, inayoitwa distonia. Kukata mizizi ya nyuma hakuzizuii amri hizo, na mtoto hubaki akijinyonga huku amepoteza sehemu ya hisi. Mpeleke akapimwe na daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto kuhusu dawa za distonia, na apimwe masikio pia, kwa sababu manjano ya namna hiyo mara nyingi huharibu usikivu na watu hudhani mtoto haelewi, kumbe hasikii.

Nimelichapisha swali hili kwa sababu katika kanda yetu watoto wanaofanana na mjukuu huyu, pamoja na walioumia ubongo kwa magonjwa ya utotoni, ni wengi. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda, katika eneo la Iganga na Mayuge, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta watoto wapatao 2.9 kwa kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, na kwa takribani robo ya waliochunguzwa chanzo kilitokea baada ya kipindi cha uchanga. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wachache sana miongoni mwao, tofauti kabisa na Ulaya, na hao ndio ambao kwa kawaida hufaidika na upasuaji huu. Video tunazotumiwa kwenye simu zinaonyesha watoto wa aina moja, na wetu walio wengi ni wa aina nyingine.

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa tiba ya viungo. Mwalimu wetu alisema baadhi ya watoto huonekana dhaifu zaidi baada ya upasuaji kuliko kabla. Inawezekanaje, ikiwa mizizi ya mbele haikuguswa? Na je, daktari anajuaje ni nyuzi zipi za kukata? — Mwanafunzi, Mwanza

Mwalimu wako amesema kweli. Udhaifu huo ulikuwepo tangu zamani, umefichwa na mkazo. Mtoto aliyesimama kwa misuli iliyokakamaa hakuwa amesimama kwa nguvu za amri ya ubongo, bali mwitikio wa ugwe ulikuwa unambeba. Ukiuondoa, inabaki nguvu halisi, na mara nyingi ni kidogo. Kwa hiyo kabla ya upasuaji wewe mtaalamu wa viungo ndiwe unayetakiwa kujibu swali gumu kuliko yote: chini ya mkazo huu kuna nguvu kiasi gani? Mwangalie mtoto anavyoinuka kutoka kuchuchumaa, anavyopunguza mwendo wake anapokaa badala ya kujitupa, na kama anaweza kunyanyua wayo bila kukunja goti na nyonga kwa pamoja. Mtoto anayeweza kusogeza kiungo kimoja peke yake ana njia ya ubongo inayofanya kazi. Asiyeweza kabisa huenda akapoteza kusimama alikokuwa nako.

Kwa kipimo cha ngazi tano cha uwezo wa mwendo kilichotungwa na Robert Palisano na wenzake nchini Kanada mwaka 1997, wanaochaguliwa mara nyingi ni wa ngazi ya pili na ya tatu, yaani wanaotembea wenyewe kwa shida au kwa kutumia fimbo na kigari cha kutembelea. Baadhi ya vituo huwapasua hata watoto wasiotembea, kwa lengo la kurahisisha kuwavisha, kuwasafisha na kuwakalisha, na hilo linapaswa kusemwa wazi kwa mzazi asije akatarajia hatua.

Kuhusu uchaguzi wa nyuzi, mtoto hulazwa kwa nusukaputi bila dawa ya kudumu ya kulegeza misuli, kwa kuwa misuli lazima iweze kujibu. Sindano ndogo za kurekodi umeme huwekwa kwenye misuli mikuu ya miguu na kwenye msuli wa njia ya haja kubwa. Daktari huutenga mzizi wa nyuma na wa mbele, kisha huugawa wa nyuma katika nyuzi kadhaa na kuuchochea kila uzi kwa umeme. Uzi ambao jibu lake linakoma mara moja katika msuli wake huachwa. Uzi ambao jibu lake linaendelea, au linasambaa hadi kwenye misuli isiyohusika, au linavuka kwenda mguu wa pili, huhesabiwa kuwa unaingia kwenye sehemu ya ugwe iliyokosa utulizaji, na hukatwa. Kiasi kinachokatwa hutofautiana kati ya vituo, kutoka takribani robo hadi theluthi mbili za nyuzi, kuanzia mizizi ya juu ya kiuno hadi ya kwanza ya nyonga, na nyuzi za kibofu hulindwa. Wapo madaktari wanaotilia shaka kama jibu la umeme linaweza kutofautisha uzi mzuri na mbaya kwa uhakika, wakisema muhimu ni jumla ya kilichokatwa. Mimi naona upimaji huo una faida isiyobishaniwa, nayo ni kuhakikisha kwamba kilichoshikwa na koleo si mzizi wa mbele wala wa kibofu.

Na kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, soma pande zote mbili za ushahidi. Majaribio matatu yaliyowagawa watoto kwa bahati nasibu, yaliyofanyika Vancouver, Toronto na Seattle, yalijumlishwa mwaka 2002, na waliopasuliwa na kufanya mazoezi walipata takribani alama 4 kati ya 100 zaidi ya waliofanya mazoezi peke yake kwenye kipimo cha mwendo. Ni faida ya kweli, lakini si muujiza. Nchini Uingereza, watoto 137 walifuatiliwa kwa miaka miwili katika hospitali tano, na mwaka 2018 huduma ya afya ya umma ya huko ikaamua kuugharimia upasuaji huu kwa watoto wa miaka 3 hadi 9 wanaotimiza masharti. Cape Town waliwafuatilia watu waliopasuliwa mwaka 1985 na kukuta, miaka 20 baadaye, kwamba magoti na nyonga zao bado zilikuwa zikikunjuka vizuri kuliko kabla ya upasuaji. Kwa upande mwingine, utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba baada ya miaka 10 mkazo ulikuwa bado umeondoka, ila misuli iliendelea kufupika na wengi walihitaji upasuaji wa mifupa na kano. Maana yake ni kwamba kufupika kwa msuli hakutokani na mkazo peke yake. Msuli wenyewe wa mtoto huyu haukui kama inavyotakiwa, na jambo hilo mizizi ya mgongo hailitatui.

Daktari, nimesoma kwamba Wachina wanahamisha mshipa wa fahamu kutoka upande mzima wa mwili kwenda upande uliopooza. Je, ndiyo upasuaji huohuo? Mdogo wangu wa miaka 15 mkono wake wa kulia umekakamaa tangu utotoni. — Msomaji, Bujumbura

Huo ni mwingine, na kwa swali la ujumbe kati ya ubongo na ugwe ni wa ajabu zaidi. Madaktari wa Hospitali ya Huashan mjini Shanghai, wakiongozwa na Xu Wendong, walichukua mshipa wa saba wa shingo kutoka upande usio na ugonjwa, wakaupitisha na kuuunganisha na ule wa upande uliopooza. Mkono wenye afya hauhitaji sana mshipa huo kwa sababu mishipa jirani husaidia kazi zake. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 2018, watu 36 wenye umri wa miaka 12 hadi 45, wote wakiwa na mkono mmoja uliokakamaa kwa jeraha la ubongo la zaidi ya miaka mitano, waligawanywa katika makundi mawili, na baada ya mwaka mmoja kundi lililopasuliwa lilikuwa limepata nafuu kubwa kuliko lililofanya mazoezi peke yake.

Mkazo wa mkono wao hupungua mapema, kabla mshipa uliounganishwa haujaota kufika kwenye misuli, na sababu ni ileile tuliyoieleza juu, kwa maana mshipa wa saba wa upande mgonjwa umekatwa pamoja na nyuzi zake za kuleta habari. Nguvu ya mkono huja baadaye, na hapo ndipo kuna tofauti: amri sasa hutoka kwenye nusu ya ubongo iliyo nzima, ambayo hujifunza polepole kuongoza mikono yote miwili. Kwa hiyo upasuaji wa Shanghai huleta njia mpya ya amri, ilhali wa mizizi ya nyuma hupunguza tu kinachoisumbua njia ya zamani.

Mdogo wako kwa umri anaingia katika kundi lililochunguzwa, lakini afya ya viungo vya mkono wake ndiyo itakayoamua. Kama kiwiko na kifundo cha mkono havinyooki hata anapolala usingizi, basi msuli umekwisha kufupika, na upasuaji wa mishipa ya fahamu hautavinyoosha.

Daktari, kwa sisi tusioweza kusafiri nje, tufanye nini sasa? Mtoto wangu ana miaka mitatu, miguu imekaza, na dawa ya vidonge inamfanya asinzie tu. — Mama, Dodoma

Pole, mama. Huenda vidonge hivyo ni baklofeni, inayoiga kazi ya ile kemikali ya GABA kwenye ugwe wa mgongo. Shida yake ni kwamba ikinywewa huenea mwilini mote na kuufikia ubongo, na usingizi ndio gharama. Mwambie daktari wako kuhusu kusinzia ili kipimo kirekebishwe, wala usiiache ghafla kwa uamuzi wako, kwani kuikatisha kwa mara moja kunaweza kuleta degedege. Zipo pia sindano za botulinamu zinazolegeza msuli mmoja mmoja kwa takribani miezi mitatu, zinazofaa pale mkazo unaposumbua misuli michache, na muda huo hutumiwa kwa mazoezi na kuvaa vishikizo vya miguu.

Mnyooshe mtoto polepole, kila siku, ukihesabu pumzi, kwa sababu mvuto wa haraka ndio unaoamsha mwitikio wa ugwe. Msimamishe kwenye kisimamishio hata cha mbao kilichotengenezwa na fundi wa mtaani kwa vipimo vya mtaalamu wa viungo. Mkalishe miguu ikiwa imeachana, ama kwenye paja lako ama kwenye kiti chenye kigawanyo katikati. Na kabla ya yote, omba apigwe picha ya eksirei ya nyonga, kisha irudiwe kwa ratiba atakayokupa daktari, kwa kuwa kwa watoto waliokaza mapaja kichwa cha mfupa wa paja huweza kutoka kwenye kikombe chake taratibu bila mtoto kulia, na eksirei ya nyonga hupatikana katika hospitali za mikoa.